Fundi Aliyesema Yuko Njiani

Mtunza tovuti alifanyia kazi katika chumba kilichokuwa juu ya duka la kuchapa kadi, na kila mashine za chini zilipowashwa, vikombe vyake vilianza kugongana mezani. Inspekta alikalia kiti pekee ambacho hakikuwa na nyaya, akafungua jalada mapajani, kisha akatazama saa. Ilikuwa saa nne na robo. Saa tisa alasiri mwanamke aliyekuwa mahabusu angepandishwa kizimbani kwa kosa la kumuua baba mkwe wake, na Mkuu wa Upelelezi alikwisha kupiga simu mara mbili kuulizia kama karatasi ziko tayari.

"Nikusomee tena?" Inspekta aliuliza.

"Usinisomee, afande. Naijua kwa moyo. Mimi ndiye niliyeibandika."

Alimsomea hivyo hivyo. Alipenda kumtazama mtu usoni wakati anasikia maneno yake mwenyewe.

"'Ndugu mteja, ujumbe wako nimeupata. Niko njiani. Acha mlango bila komeo ili usilazimike kuinuka. Usiondoke nyumbani, tusije tukapishana. Fundi.'"

Chini mashine zilinyamaza. Mtunza tovuti alijifanya kupanga kalamu.

"Jibu hili liliingia kwenye simu ya marehemu Jumatatu, saa mbili na dakika kumi na tatu asubuhi," Inspekta alisema. "Likaingia tena saa nne na dakika arobaini. Likaingia mara ya tatu saa sita kasoro. Fundi mwenyewe alifariki lini?"

"Miaka mitatu iliyopita. Jeneza nililibeba kwa bega hili."

"Basi nani anaandika?"

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi tangu Jumatatu. Marehemu alikuwa mpima ardhi mstaafu, mapafu yamechoka, aliyeishi kwa mashine ya oksijeni iliyomlisha hewa kwa mrija wa puani. Asubuhi ile mashine ilianza kulia na kuwaka taa nyekundu. Mchana jirani alimkuta amekufa kitini, amevaa shati la kutokea, uso umeelekea mlangoni, vikombe viwili safi mezani mbele yake. Mlango ulikuwa wazi. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa mwisho, ndiye aliyekuwa akimuuguza, na hakuwepo.

Mkwe alieleza kwamba mzee alikataa katakata kupelekwa hospitali. Alisema anamsubiri fundi wa mashine, fundi yuko njiani. Baadaye yeye mkwe alitoka kumfuata huyo fundi dukani, kwa anwani iliyo kwenye tovuti, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli lenye kutu. Aliporudi, mambo yalikuwa yamekwisha. Shemeji zake walipoyasikia maelezo hayo, mmoja aliinuka pale pale kituoni akapiga meza. Fundi alikufa zamani, alisema, mji mzima unajua. Yale majibu kwenye simu kayatunga mwenyewe. Huyu mwanamke amefungua mlango, amemwacha baba akate roho, na sasa anamsingizia maiti!

Inspekta hakuamini mizimu. Ila alipomwona yule mkwe amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, bado na viatu vya kutembelea nyumbani, hakuamini kwamba ni mwongo pia, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu.

"Kwa kifupi wewe ulifukuzwa," alimwambia mtunza tovuti.

"Nilifukuzwa, ndiyo. Mwezi mmoja baada ya mazishi nilimfuata kijana wake. Nikamwambia kaka, duka umelihamisha, namba ya simu umebadilisha, anayejibu wateja amelala kaburini, hebu tuirekebishe tovuti. Akaniambia nikigusa neno moja la baba yake atanivunja vidole."

"Ukakasirika."

"Ningekosaje?"

"Ukaamua kuendelea kujibu kwa jina la mzee, ili wakujue wewe ni nani."

Mtunza tovuti alisogeza kiti. "Afande, toa simu yako. Ingia kwenye ile tovuti, jaza fomu. Andika chochote. Mimi mikono yangu hii hapa, juu."

Kweli aliinua mikono, kama mtu aliyeelekezewa bastola. Inspekta alifungua ukurasa. Picha ya fundi ilitokea kwanza: mwanamume mnene mwenye bisibisi sikioni, akicheka na aliyempiga picha. Chini yake palikuwa na namba ya simu isiyopatikana tena na anwani ya duka lililofungwa. Aliandika namba yake, akaandika: *Mashine yangu imezima.* Akabonyeza kutuma.

Simu ilitikisika kabla hajaondoa kidole gumba.

*Ndugu mteja, ujumbe wako nimeupata. Niko njiani.*

Alijua kabisa kwamba hakuna mtu. Bado aligeuka kutazama mlangoni.

"Umeona," mtunza tovuti alisema kwa sauti ya chini, akishusha mikono. "Hakuna anayeandika. Inajijibu yenyewe. Tazama na za marehemu, dakika aliyotuma ndiyo dakika aliyojibiwa. Mimi nilimshauri fundi tuweke 'tutawasiliana nawe'. Akanicheka. Akasema mgonjwa anayekata pumzi hataki kuwasiliana, anataka mtu. Na mlango aliwaambia wauache bila komeo kwa sababu wengine mrija hauwafikishi mlangoni. Afande, wakati ule haikuwa uongo. Fomu ikijazwa simu yake inalia, na yeye anaondoka dakika hiyo hiyo."

"Na wewe ulijuaje kama inalia?"

"Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi najifanya mteja. Ndiyo kazi yenyewe. Naingia kama mtu asiyepajua, napiga namba iliyoandikwa nisikie nani anapokea, najaza fomu nione inamfikia nani. Fundi alikuwa ananitukana. 'Wewe tena! Nimeshavaa viatu!'" Alicheka kidogo, na kicheko hakikufika mbali. "Wenye biashara wanadhani tovuti ni kibao cha ukutani, ukishapigilia misumari umemaliza. Mimi nikija nawakera."

"Aliyoandika mpima ardhi siku ile yako wapi?"

"Fomu haihifadhi kitu. Inasukuma kila kitu kwenye sanduku la barua pepe la fundi, basi."

"Lililokufa naye."

"Hapana." Aligeuza kompyuta. "Hili ndilo linanishangaza. Tovuti huhuishwa kila mwaka, usipoihuisha inazimika. Na taarifa ya kuihuisha inajibiwa kutoka ndani ya sanduku lile lile la fundi. Imehuishwa mara tatu tangu afe."

Inspekta alifunga jalada. "Kwa hiyo kuna mtu hai anayefungua barua za maiti."

"Lazima awepo. Na mimi paswedi sina, aliibadilisha kila mara akisahau."

Saa tano na nusu alikuwa katika duka jipya. Mwana wa fundi alikuwa na bega la babake na kicheko chake hakuwa nacho. Mashine tano za oksijeni zilikuwa zimefunguliwa matumbo juu ya benchi, vichujio vimeanikwa kwenye kamba. Alifanya kazi vizuri, hilo lilionekana. Maswali aliyajibu bila kuacha kukaza skrubu.

"Ile tovuti imekufa na mzee."

"Haijafa. Nimejibiwa leo asubuhi."

Bisibisi ilisimama.

"Umejibiwa na nani?"

Alimpa simu asome. Alisoma mara moja, akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa, akaifunika kwa kitambaa cha kufutia mikono.

"Mara ya mwisho uliifungua lini?" Inspekta aliuliza.

"Sijawahi. Tangu azikwe sijaifungua. Kuna ile picha. Nilimwambia yule jamaa asiguse maneno ya baba. Nilidhani yatakaa tu pale, kama yalivyo. Sikujua yanafanya kazi."

"Nani anaihuisha kila mwaka? Wewe?"

"Mimi paswedi nitaitoa wapi? Labda huyo huyo jamaa. Si ndiye fundi wa mambo hayo? Mkamateni, mbona mnanifuata mimi?"

Jibu lilikuwa jepesi na lilikuja haraka, na Inspekta alikuwa na haraka kuliko jibu lenyewe. Ila mtu anayetaka kisasi hahuishi tovuti ya adui yake kwa miaka mitatu bila kukosa hata siku. Anayefanya hivyo anaogopa kitu kisizimike.

"Mama yako anakaa wapi?"

Mwana wa fundi aliacha kazi. "Mama muache. Mama hajui hata kuwasha redio."

"Nimeuliza anakaa wapi."

Nyumba ilikuwa nyuma ya duka la zamani, lile lenye kufuli la kutu. Mkwe wa mpima ardhi alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka hapo, Jumatatu, akigonga mlango wa duka lisilo na mtu. Inspekta alipobisha, mlango ulisukumika wenyewe.

"Mama, mara ngapi nakwambia utie komeo?" mwana alilalamika akiingia. "Hata mchana! Siku moja watakubeba na kitanda."

"Watanibeba wampelekee nani?" mjane alijibu kutoka ndani. "Karibuni. Mwanangu, huyu mgeni ni nani, mbona unamwingiza bila kuniarifu nikavaa vizuri?"

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miwani imefungwa kamba shingoni. Mezani palikuwa na simu kubwa ya kioo, imesimamishwa kwenye kopo la sukari, mbele ya kiti kimoja. Inspekta aliamkia, akapewa maji, akakaa. Hakuzunguka.

"Mama, barua pepe ya marehemu anaifungua nani?"

Mjane alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Mwanawe alikuwa tayari kumjibia. Mjane alimzuia kwa kidole.

"Mimi. Mara moja kwa mwaka, kuwajibu wale watu kwamba bado tunaihitaji. Alinifundisha mwenyewe alipoanza kuumwa. Nimekosea sheria gani?"

"Mama!" mwana alisema.

"Wewe ulikataa hata kulitaja jina lake hapa ndani. Ulitaka nizungumze na nani?"

Alichukua simu kutoka kwenye kopo la sukari, akampa Inspekta asome majibu huku akimweleza. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, mjane alikuwa akiingia kwenye tovuti na kujaza fomu kama mteja. *Mume wangu, leo mvua imeingia jikoni. Mume wangu, mwanao amepata mtoto wa kike. Goti linauma tena.* Na kila siku, kabla hajaweka simu chini, alijibiwa. *Ujumbe wako nimeupata. Niko njiani.*

"Najua ni mashine," mjane alisema. "Usinitazame hivyo, mwanangu, mimi si mjinga. Lakini maneno ni yake. Aliyaandika pale ulipokaa wewe, ananisomea, ananiuliza kama yanafaa. Wengine wana makaburi ya vigae."

Inspekta alimwonea huruma, na huruma ile ilimuudhi kwa sababu saa ya ukutani ilisema saa saba.

"Mama, nisikilize. Kuna mwanamke ana umri wa mwanao. Saa tisa anapelekwa mahakamani kwa kuua. Mgonjwa wake alijaza fomu hii hii Jumatatu. Aliyoyaandika yako kwenye sanduku la marehemu tu, kwingine kokote hayapo. Naomba paswedi."

"Nikikupa mtaizima."

"Ndiyo."

"Hamtaiacha kidogo tu."

"Hapana, mama."

Mjane alitazama simu. Mwanawe alichutama mbele ya kiti chake, akamshika magoti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Inspekta alimsikia akizungumza taratibu.

"Mama, wateja wake wanamsubiri. Unamjua baba. Angekubali?"

"Alikuwa haoshi hata mikono," mjane alisema. "Anaacha sahani, anaondoka." Akachukua kalamu, akaandika paswedi kwenye pambizo ya gazeti. Ilikuwa jina lake yeye, la usichana, na tarehe ya harusi.

Sanduku lilifunguka polepole. Barua zilikuwa zaidi ya elfu moja, hazijasomwa, na karibu zote zilianza na *Mume wangu*. Inspekta aliziruka za leo, akateremsha kidole kuzitafuta za Jumatatu na za nyuma yake. Baina ya hizo, moja hapa, nyingine baada ya wiki kadhaa, zilijitokeza zenye sauti nyingine. *Fundi, mashine ya mama inanuka moto. Fundi, simu yako haipatikani, nimeona niandike. Fundi, uko wapi sasa?* Alihesabu watu kumi na sita. Hakuna aliyeujua mwisho wao, isipokuwa wa mmoja.

Za mpima ardhi zilikuwa tatu. Aliisoma ya pili kwa sauti, ili mashahidi wawe wawili.

"'Fundi, bado uko mbali? Mkwe wangu ananing'ang'ania twende hospitali, ameshaita gari. Nimemkatalia, usije ukakuta nyumba tupu baada ya kuhangaika. Analia, mtoto wa watu. Mtungi wa akiba unatosha mpaka saa sita. Mlango nimeuacha wazi kama ulivyosema.'"

Ya tatu ilikuwa fupi. "'Nimemtuma akulaki dukani kwako. Vikombe viko tayari.'"

Mwana wa fundi alitoka akasimama kibarazani, mgongo umegeuka. Inspekta aliipiga picha kila barua, akampigia Mkuu wa Upelelezi, akamsomea neno kwa neno.

"Nani basi aliyemuua?" Mkuu aliuliza.

"Hakuna, afande. Alisubiri."

"Jalada nitaliandikaje hilo?"

"Kwanza mtoe yule mkwe mahabusu. Mpe na viatu vya maana."

Alikata simu. Kidole chake kilikuwa bado juu ya sanduku, kikipandisha barua kuelekea juu, kwenye za leo. Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, *Mashine yangu imezima.* Chini yake palikuwa na nyingine, ya saa tatu na nusu asubuhi.

*Fundi, ni mimi yule mwalimu wa kwaya, ulinihudumia zamani. Mashine inalia tangu alfajiri. Mtungi umebaki robo. Namba yako inagoma.*

"Wewe!" Inspekta alipaza sauti kuelekea kibarazani. "Una mashine nzima dukani?"

Alikuwa ameshapiga namba iliyoandikwa kwenye fomu. Iliita. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena, mjane amesimama kando yake, ameshika ukingo wa meza. Katika mwito wa tano ikapokewa, na kwanza palikuwa na pumzi tu, fupi fupi, kama mtu aliyepanda ngazi.

"Fundi?"

"Anakuja, bibi," Inspekta alisema. "Sasa hivi. Ni mwanawe. Na gari la wagonjwa naliita, ukiliona panda, usimsubiri mtu."

"Mlango... nimeuacha wazi tangu asubuhi." Pumzi. "Nilijua atakuja. Huwa... hachelewi."

Mwana wa fundi hakuuliza njia. Walisikia miguu yake ikikimbia, mlango wa gari, kisha gari likiondoka kwa vishindo. Sahani ya chakula cha mchana aliyowekewa na mama yake ilibaki mezani na kifuniko chake, na mjane aliitazama sahani ile kwa muda.

Dakika arobaini zilipita. Inspekta aliita gari la wagonjwa, akampigia mtunza tovuti, akamwambia ajiandae. Mjane alikaa mbele ya kopo la sukari. Simu ilipolia, alikuwa mwana wa fundi.

"Anapumua. Nimemfungia mashine mpya. Mama, anasema nimefanana na baba."

Mjane aliitikia kwa kichwa, kana kwamba kwenye simu angeonekana. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Hao kumi na watano waliobaki," Inspekta alimwambia kijana, "utawapigia mmoja mmoja, mbele yangu. Kesho saa mbili." Kijana alisema atakuwepo.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya dakika mbili. Mtunza tovuti, kule juu ya duka la kadi, alipewa paswedi kwa simu, akaweka namba mpya na anwani mpya, akaelekeza fomu kwenye simu ya mwana. Akauliza kama aondoe na picha.

"Picha iache," mjane alisema kwa sauti ya kusikika.

"Na lile jibu, mama?"

"Ondoa."

"Nimeondoa."

Mjane aliomba simu yake. Inspekta alimpa. Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, akijificha kidogo kama mwanafunzi asiyetaka kunakiliwa, kisha akabonyeza kutuma. Akaisimamisha simu kwenye kopo la sukari. Walisubiri wote wawili. Saa ya ukutani ilikwenda. Kioo kiliwaka kwa muda wake, kikafifia, kikazima.

Inspekta aliaga. Mjane alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshukuru kwa kuja, akamwambia apite siku nyingine bila jalada.

Inspekta alikuwa amefika kwenye kufuli la duka la zamani aliposikia, nyuma yake, komeo likisukumwa. Lilikuwa limeshika kutu na halikukubali mara moja. Mjane alilisukuma, akapumzika, akalisukuma tena, mpaka likaingia.